Maarifa ya Juma: Umeme Upoteao Njiani

Juu ya kila chombo cha umeme kiuzwacho dukani, kiwe pasi, birika au redio, yameandikwa maneno machache pamoja na tarakimu: volti kadhaa, ampea kadhaa, wati kadhaa. Watu wengi huyatazama maneno hayo kama watazamavyo chapa ya mwenye kiwanda, kisha hulipa na kwenda zao. Kumbe ndani ya tarakimu hizo mna hesabu ya kuzidisha na kugawanya ambayo mtoto wa shule huiweza, nayo humwonyesha mwenye nyumba fedha zake zinapotelea wapi, na mara nyingine humwonyesha mahali ambapo moto utaanzia.

Na tuchukue mfano wa mkulima wa Kinangop mwenye ng'ombe wa maziwa. Nyumba yake ina paneli ya sola juu ya bati na betri ya volti 12 pembeni mwa chumba. Kwa kuwa kukama huanza saa kumi na moja alfajiri, kungali giza, amevuta waya kutoka kwenye betri hadi banda la ng'ombe, mwendo wa mita 64, akafunga huko taa ya uzi iliyotolewa katika gari kuukuu. Taa hiyo ilipojaribiwa nyumbani iliwaka barabara. Bandani inatoa mwanga mwekundu wa kusinzia, hata mkamaji haoni kama maziwa yana mabonge, ambayo ni dalili ya ugonjwa wa kiwele.

"Mzee, betri yako imechoka," asema fundi aliyeitwa kutoka sokoni. "Yafaa ununue nyingine."

"Nimeinunua mwaka huu huu, fundi," ajibu mkulima.

Betri mpya ni maziwa ya siku nyingi, na si haki mtu auze maziwa yote hayo kwa sababu ya kudhani tu. Fundi huyo alikwisha kupima, na jinsi alivyopima ndiyo sababu ya kosa lake. Alikwenda bandani mchana, akaitoa taa, akagusisha chombo chake kwenye ncha mbili za waya, akapata volti 12 kamili. Hapo akasema ya kuwa waya ni mzima. Lakini waya usiopitisha umeme hauwezi kuonyesha ila yake, kama vile daraja bovu lisivyoonyesha ubovu wake mpaka lori lipite. Vipimo vya kweli ni vile vichukuliwavyo taa ikiwa inawaka.

Basi taa iwashwe. Chombo kikiwekwa kwenye ncha za betri chasoma volti 12. Kikiwekwa kwenye ncha za taa kule bandani chasoma volti 9.6. Kisha waya mmoja ukatwe na chombo kiingizwe katikati, ili umeme wote upite ndani yake, nacho chasoma ampea 1.6. (Hapa mafundi wengi wameharibu vyombo vyao. Chombo kilichogeuzwa kupima ampea hakiwekwi kamwe kwenye ncha mbili za betri, maana hupitisha umeme wote bila kizuizi na kuungua.) Vipimo ni vitatu tu, navyo vyatosha kumaliza ubishi.

Volti ni kipimo cha msukumo, yaani nguvu inayousukuma umeme uende. Ampea ni kipimo cha mkondo, yaani wingi wa umeme upitao mahali kwa kila sekunde. Kila kitu kinachopitisha umeme, hata shaba nzuri, huuzuia kidogo, na kule kuzuia mafundi hukuita ukinzani. Kipimo chake ni omu. Mambo hayo matatu yamefungwa pamoja kwa kanuni moja: ukizigawanya volti kwa ampea, jibu ni omu.

Tutie hesabu. Njia nzima, kutoka betri hadi taa na kurudi, ina volti 12 na ampea 1.6. Gawanya, jibu ni omu 7.5. Taa peke yake ina volti 9.6 na ampea zile zile 1.6, jibu ni omu 6. Nyaya mbili, wa kwenda na wa kurudi, zimechukua volti zilizobaki, yaani 2.4. Gawanya kwa 1.6, jibu ni omu 1.5. Karani aliyezoea kufunga hesabu za mwezi atapendezwa kuona ya kuwa 6 na 1.5 ni 7.5, wala hakuna kilichozidi au kupungua.

Yafaa kusimama kidogo penye zile ampea. Watu wengi hudhani ya kuwa taa hula mkondo, na ya kuwa waya wa kurudi hurudisha kidogo kilichosalia. Sivyo. Ampea 1.6 zatoka kwenye betri, ampea 1.6 zapita katika taa, na ampea 1.6 zarudi. Walimu hupenda kuufananisha umeme na maji ya mfereji, na mfano huo wafaa mahali pengi, lakini mfereji huvuja na shamba hunywa maji yake, na waya mzima hauvuji. Kinachopungua njiani ni msukumo.

Kanuni hiyo ni kazi ya Georg Simon Ohm, Mjerumani aliyezaliwa mwaka 1789 katika mji wa Erlangen, mwana wa fundi wa makufuli. Alikuwa mwalimu wa shule mjini Cologne, naye alifanya majaribio baada ya vipindi vya darasani. Shida yake kubwa ilikuwa betri. Betri za siku zile, zilizofuata mfano wa ile aliyoitengeneza Alessandro Volta wa Italia mwaka 1800, zililegea wakati wenyewe wa kupimwa, hata mtu asijue kama mkondo umepungua kwa sababu ya waya au kwa sababu ya betri. Ohm akaziacha. Akaunganisha shaba na madini ya bismathi, akaweka kiungo kimoja penye maji yachemkayo na cha pili penye barafu, kwa maana tofauti ya joto baina ya viungo viwili vya namna hiyo huzaa msukumo mdogo wa umeme usioyumba. Sasa alikuwa na kitu cha kutegemea. Akaweka nyaya za urefu mbalimbali, mmoja baada ya mwingine, akaona jinsi mkondo unavyopungua kwa kadiri waya unavyorefuka.

Kitabu chake kilitoka Berlin mwaka 1827, na wengi katika nchi yake hawakukipokea vizuri, naye akaacha kazi yake ya ualimu pale Cologne. Heshima ilikuja kwa kuchelewa na kwa njia ya ugenini: mwaka 1841 Royal Society ya London ilimpa nishani yake iitwayo Copley. Kiti cha ualimu wa fizikia katika Chuo Kikuu cha Munich alikipata mwaka 1852, akafa mwaka 1854. Leo jina lake limeandikwa juu ya kila chombo cha kupimia umeme, ingawa wengi wanaolisoma hawajui ya kuwa ni jina la mtu.

Hayo ni ya ukinzani. Linalomhusu zaidi mwenye kulipa ni nguvu, yaani kazi ifanywayo na umeme kwa kila sekunde, na kipimo chake ni wati. Wati hupatikana kwa kuzidisha volti kwa ampea. Betri ya mkulima yatoa 12 mara 1.6, yaani wati 19.2. Taa yapata 9.6 mara 1.6, yaani wati 15.36. Nyaya zachukua 2.4 mara 1.6, yaani wati 3.84. Katika kila sehemu tano za umeme ambao jua limeutia ndani ya betri ile, sehemu moja yapotea njiani ikipasha joto nyasi na nguzo za ua. Na hasara ya mwanga ni kubwa kuliko hiyo, kwa sababu uzi wa taa ukipoa kidogo tu, mwanga wake hupungua upesi kuliko wati zinavyopungua. Ndiyo sababu ya ule wekundu wa kusinzia.

Yule aliyechunguza joto la nyaya kwa uangalifu ni James Prescott Joule, mwana wa mwenye kiwanda cha bia huko Salford, Uingereza. Katika miaka ya 1840 na 1841 alitumbukiza waya ndani ya maji, akapitisha mkondo, akapima jinsi maji yanavyopata joto. Aliona ya kuwa mkondo ukiongezwa mara mbili, joto haliongezeki mara mbili, bali mara nne. Ukiongezwa mara tatu, joto huwa mara tisa. Kwa hiyo wati zinazopotea katika waya zaweza kuhesabiwa bila kupima volti zake: zidisha ampea kwa ampea zile zile, kisha zidisha kwa omu za waya. Kwa mkulima wetu ni 1.6 mara 1.6 mara 1.5, na jibu ni lile lile, 3.84.

Katika kanuni hiyo ya Joule ndimo ilimo dawa. Wengi wangeshauri waya mnene zaidi. Waya wa mkulima ni wa shaba wa milimita mraba 1.5, akiweka wa milimita mraba 4, ukinzani wa njia utashuka hadi omu 0.56 hivi, na taa itapata karibu volti 11. Ni shauri jema, ila mita 128 za waya wa namna hiyo si fedha kidogo, na mara nyingi bei yake humfanya mtu arudi kwenye koroboi. Shauri lililo bora ni kupunguza mkondo. Taa za LED za volti 12 zenye wati 5 hutumia ampea 0.4 hivi. Mkondo huo ukipita katika waya ule ule mwembamba wa omu 1.5, volti zinazopotea ni 0.6 tu, na wati zinazopotea hazifiki robo moja, nao mwanga wa bandani wazidi ule wa taa ya gari. Betri inabaki ile ile, waya unabaki ule ule, na fedha iliyotumika ni ya taa moja ndogo. Fundi aliyeshauri betri mpya hakuwa mwongo. Alikosa vipimo viwili tu.

Kwa sababu hiyo hiyo umeme wa mbali husafirishwa kwa volti nyingi mno. Wati 24 kwa msukumo wa volti 12 zahitaji ampea 2; wati 24 hizo hizo kwa volti 240 zahitaji ampea 0.1 tu. Mkondo umepungua mara 20, na joto linalopotea katika waya ule ule limepungua mara 400. Njia kuu ya umeme itokayo Ethiopia hadi Suswa, ambayo imeileta Kenya umeme tangu mwaka 2022, ina urefu wa zaidi ya kilomita 1,000, na msukumo wake ni volti 500,000. Laiti wati zile zingesukumwa kwa volti 240, hakuna shaba duniani ambayo ingetosha kuzibeba.

Tutoke shambani twende kwenye nyumba za mjini, ambako hasara ya njiani si mwanga hafifu. Huko ni moto.

Tuseme birika la wati 2,400 limechomekwa penye umeme wa volti 240. Gawanya wati kwa volti, nazo ni ampea 10. Gawanya volti kwa ampea, nazo ni omu 24. Hayo ndiyo mambo yakiwa sawasawa. Lakini ndani ya plagi, skrubu moja haikukazwa, au shaba imeshika kutu ya kijani, na pale waya ugusapo pini pamezuka ukinzani wa nusu omu. Nusu omu si kitu, mtu atasema. Njia nzima sasa ni omu 24.5, na mkondo umeshuka kidogo hadi ampea 9.8. Fuata kanuni ya Joule: 9.8 mara 9.8 mara 0.5 ni wati 48. Birika lenyewe hutoa wati nyingi kuliko hizo, lakini birika lina maji ya kulipoza. Wati 48 hizi zimekusanyika mahali padogo kama ukucha wa kidole, ndani ya plastiki. Ni joto la kutosha chuma cha fundi wa redio cha kuyeyushia lehemu.

Na fyuzi je? Watu huitumainia sana, nao hushangaa nyumba ikiungua hali fyuzi ingali nzima. Fyuzi ya ampea 13 imefundishwa jambo moja tu, kuhesabu ampea, na hapa ampea ni 9.8, pungufu kuliko hata zile za birika zima. Haijui ya kuwa mahali pamoja pana moto. Pua na mkono hujua mapema zaidi: harufu ya plastiki inayoungua, plagi iliyogeuka rangi, au plagi iliyo moto baada ya birika kuchemka. Kitu cha namna hiyo kizimwe, kisitumike tena, na fundi mwenye kibali aitwe. Kupima ndani ya soketi ya volti 240 si kazi ya mwenye nyumba. Volti hizo huua, na mwili ulioloa maji una ukinzani mdogo sana kuliko mwili mkavu, kwa hiyo mkondo upitao humo huwa mkubwa.

Wala betri ya volti 12 isidharauliwe kwa kuwa haimrushi mtu. Spana ikiangukia ncha zake mbili, na ukinzani wote pamoja na wa ndani ya betri ukiwa omu 0.02, mkondo ni 12 kugawanywa kwa 0.02, yaani ampea 600, na nguvu yake ni wati 7,200. Spana hugeuka nyekundu. Hapo fyuzi iliyowekwa karibu na betri haina msaada, kwa maana spana haikupitia kwake, ila itaokoa nyumba siku panya watakapotafuna waya wa bandani mpaka shaba zigusane.

Kanuni ya Ohm ina mipaka yake. Mtu akichukua taa ya uzi ya wati 60 ya volti 240, hesabu itamwambia ya kuwa hupitisha ampea 0.25 na ina omu 960. Akiipima taa hiyo ikiwa baridi mezani, atapata chini ya sehemu moja ya kumi ya omu hizo, kwa sababu ukinzani wa uzi huongezeka sana uwakapo. Akipata omu 70, tuseme, na akitaka kukisia wati kwa kipimo hicho, atadhani taa yake ni ya wati zaidi ya 800. Taa za LED nazo hazifuati kanuni hiyo hata kidogo. Tena katika pampu na friji za umeme wa nyumbani, volti mara ampea huzidi wati za kweli, hivyo ni afadhali kusoma kibao cha chombo chenyewe.

Kwa pasi na birika, lakini, hesabu ni ya kuaminika, na iko njia ya kuifanya bila kugusa waya wowote. Mita nyingi za umeme majumbani zina kitaa chekundu kimwekacho-mwekacho, na pembeni yake imeandikwa idadi ya mimweko kwa yuniti moja. Nyingi huwa 1,000. Yuniti moja ni wati 1,000 zilizotumika saa nzima. Zima vitu vyote vya nyumbani, washa birika peke yake, tazama saa, hesabu mimweko ya dakika moja. Ikiwa ni 40, basi kwa saa ingekuwa 2,400, na birika latumia wati 2,400 kama kibao chake kisemavyo. Pasi ya wati 1,200 itamwesha mara 20.

Jambo hilo lafaa kurudiwa saa mbili usiku, wakati majirani wote wanapopika. Mimweko ya birika lile lile yaweza kuwa 32 tu. Birika halikuharibika: uzi wake ungali omu 24. Wati 2,400 zimekuwa 1,940 hivi, na kwa omu 24 maana yake ni ampea 9 na msukumo wa volti 216 badala ya 240. Volti zimepungua sehemu moja ya kumi, wati zimepungua karibu moja ya tano, na volti zilizokosekana zimepotelea katika nyaya za mtaa kabla ya kufika kwenye mita. Maji yatachelewa kuchemka, na yuniti zitakazotumika zitakuwa karibu zile zile, pamoja na kidogo cha kufidia joto linalotoroka birika likingoja.